Mkeka wa Mechi Kumi: Tuhesabu Kwanza



Mwaka 1654 Blaise Pascal, mwanahisabati na mwanafalsafa Mkatoliki wa Ufaransa, aliandikiana barua na Pierre de Fermat juu ya swali la wacheza kamari. Barua hizo zilisaidia kuweka msingi wa hesabu za uwezekano. Leo vijana wengi wanabeti, hivyo tujifunze hesabu hizo.

1. Kanuni ya kuzidisha

Tukirusha sarafu mara moja, matokeo ni 2: picha (P) au namba (N). Tukiirusha mara tatu tunazidisha: 2 × 2 × 2 = 8, yaani PPP, PPN, PNP, PNN, NPP, NPN, NNP na NNN.

Mechi ya mpira ina matokeo 3: mwenyeji ashinde, mgeni ashinde, au sare. Kwa mkeka wa mechi 10 tunazidisha 3 mara kumi, tunapata matokeo 59,049. Mkeka wako ni mmoja tu kati ya hayo.

Mtu atasema, "Mimi nachagua timu kubwa tu." Sawa. Tuseme kila chaguo lake lina nafasi 7 kati ya 10. Tukizidisha 0.7 mara kumi tunapata karibu 0.028. Yaani katika mikeka 100 ya namna hiyo, tutegemee mitatu hivi itiki, na mingine yote ichanike.

2. Matukio huru

Matukio ni huru pale ambapo la kwanza halibadili nafasi ya linalofuata. Sarafu haina kumbukumbu. Ikitoa P mara tano, mara ya sita bado ni nusu kwa nusu, kwa kuwa PPPPPP na PPPPPN zina nafasi sawa: 1 kati ya 64. Hivyo anayesema, "Mikeka mitano imechanika, sasa ni zamu yangu," anadai deni ambalo hakuna anayewiwa.

3. Dhamiri zetu

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2413) inafundisha kwamba michezo ya bahati yenyewe si kinyume cha haki, bali haikubaliki kimaadili inapomnyima mtu mahitaji yake na ya wengine. Ada ya mtoto ikiwekwa kwenye mkeka, mpaka huo umevukwa. Tumaini la Kikristo hutegemea ahadi ya Mungu. Tusiliite tumaini lile linalotusahaulisha walio mezani petu.

Zoezi la Jumuiya: Mkeka wa mechi 4 una matokeo mangapi? (Jibu: 81.) Je, tunamsaidiaje jirani anayecheza ili arudishe alichopoteza?