Afisa wa Watoto Akibisha Hodi: Anachotafuta Nyumbani kwa Mlezi wa Kambo

Afisa wa watoto akituma habari kwamba atafika nyumbani kwa watu kukagua, mara nyingi nyumba nzima huingia mbioni. Ukuta hupakwa chokaa, godoro huazimwa kwa jirani, na watoto huonywa wasije wakapayuka mbele ya mgeni. Siku yenyewe afisa hukaribishwa kwa soda na biskuti. Anashukuru, anakunywa, kisha anauliza mambo ambayo hakuna aliyejitayarisha kuyajibu. Mara ya mwisho mlipogombana ilikuwa juu ya nini? Mtoto wenu akivunja sahani hufanywa nini? Na mama mzazi wa mtoto huyu mnayetaka kumlea akija mlangoni siku ya Jumapili, mtampokea vipi?

Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, na wengi wanaoomba kulea hawalitarajii.

Malezi ya kambo si kuasili

Malezi ya kambo ni mpango wa kumweka mtoto katika familia isiyo yake kwa muda, huku wahusika wakitafuta njia ya kumrejesha kwa wazazi au jamaa zake, au kumpatia makao ya kudumu ikiwa hilo halitawezekana. Neno lenyewe limepata sifa mbaya kwa sababu ya hadithi za mama wa kambo, lakini ndilo linalotumika, na hakuna haja ya kuliogopa. Kuasili ni jambo jingine. Aliyeasili amekuwa mzazi kisheria kwa amri ya mahakama. Mlezi wa kambo hawezi kumbadilisha mtoto jina wala kumtoa nje ya nchi bila idhini, ilhali chakula, mavazi, matibabu na masomo ni wajibu wake kana kwamba amemzaa.

Mpango huu uko chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001. Sheria hiyo imeitambua pia kafala, utaratibu wa Kiislamu wa kumlea mtoto asiye wako bila kumkatia nasaba yake, jambo ambalo familia nyingi za Pwani zimelijua tangu zamani. Mwaka huohuo wa 2022 ulizinduliwa mkakati wa kitaifa wa miaka 10 unaolenga watoto watoke kwenye makao ya watoto na walelewe ndani ya familia.

Hapo ndipo afisa anapobanwa pande mbili. Kila ombi analolikataa lina maana kwamba mtoto fulani ataendelea kulala bwenini na kuhudumiwa na walezi wa zamu. Kila ombi analoliidhinisha kwa haraka linaweza kumtoa mtoto kwenye shida moja na kumtia katika nyingine, tena nyuma ya mlango uliofungwa.

Anavyofanya uchunguzi

Utajiri haumo katika vigezo. Nyumba ya makuti iliyo safi, yenye choo na mahali pa mtoto kulala kwa usalama na staha, yaweza kupita. Afisa huangalia pia kisima kama kimefunikwa, nani analala chumba gani, na nani mwingine huingia na kutoka humo ndani. Mjomba anayekuja kulala kila mwisho wa wiki naye ana habari zake, na ni lazima ziandikwe.

Kisha anazungumza na kila mtu peke yake: mume kando, mke kando, watoto wa nyumbani kando. Akitoka hapo huwauliza watu wa nje: chifu, mzee wa mtaa, imamu au mchungaji, mwalimu wa chekechea, mhudumu wa afya ya jamii. Majirani hujua mengi ambayo chokaa haiwezi kuyafunika. Kuhusu adhabu, afisa hana nafasi ya kulegeza, kwa kuwa Kifungu cha 29 cha Katiba kinamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko. Anayejibu kwamba “fimbo kidogo haina neno” atakuwa na mazungumzo marefu kabla ya kuendelea.

Chukua mfano wa mume na mke wa Kaloleni, mfano wa kubuniwa lakini usio mgeni kwa mtu wa kazi hii. Mume ana bodaboda yake, mke anauza mahamri, wote ni watu wa heshima na jirani hana baya la kusema. Wameomba msichana wa miaka sita. Nyumba ni safi na hati zimekamilika. Afisa anapokaa na mwana wao wa miaka kumi chini ya mwembe, mtoto anamwambia kwa furaha kwamba mgeni wao ameshapata jina. Ni jina la dada yake aliyefariki mwaka uliotangulia, naye angekuwa na miaka sita.

Hakuna ubaya wowote hapo, kuna msiba tu. Lakini mtoto atakayeletwa ana jina lake, na mama yake yuko gerezani akimaliza kifungo. Mama huyo atatoka, na atamtaka mwanawe. Je, nyumba hii itaweza kumwachilia? Katika hali kama hiyo ripoti ya afisa yaweza kusema “bado” badala ya “hapana”: wanandoa wapate ushauri nasaha, watembelewe tena baada ya miezi kadhaa, na wakiendelea na nia yao wafikiriwe kwa mtoto wa umri mwingine. Kuandika hivyo ni rahisi. Kurudi Kaloleni kumweleza mama yule, naye bado ana vazi la shule la marehemu kabatini, ni sehemu ya kazi isiyofundishwa vya kutosha vyuoni.

Baada ya mtoto kuingia nyumbani, ziara za afisa haziishi. Sasa wa kuulizwa kwanza ni mtoto mwenyewe, na ni vyema aulizwe mahali ambapo mlezi hasikii.

Wanaolea bila karatasi

Familia nyingi Kilifi zimekwisha kuchukua watoto wa jamaa au wa majirani bila kupitia afisi yoyote. Ni ukarimu wa kusifiwa. Taabu huanza pale zahanati au shule inapotaka kujua ni nani mwenye mamlaka juu ya mtoto, au mzazi anaporudi na kudai kwamba mwanawe aliibwa. Ni heri kumjulisha afisa wa watoto mapema, hata kama mtoto ameshazoea nyumba.

Kwa anayetaka kuomba

Maafisa wa watoto wako chini ya Serikali ya Kitaifa, katika Idara ya Huduma za Watoto. Serikali za kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, zinashughulikia elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Kwa hiyo ombi la malezi ya kambo halipelekwi kwa afisi ya wadi, bali kwa afisi ya watoto ya kaunti ndogo. Mwombaji aende na kitambulisho, cheti cha ndoa ikiwa yuko katika ndoa, na majina ya watu wanaomfahamu vizuri. Afisa atamweleza kuhusu cheti cha mwenendo mwema na uchunguzi wa daktari. Huduma za afisi hiyo hazilipiwi.

Anayemjua mtoto aliye hatarini apige 116, wakati wowote, bila malipo.