Seli Shina: Zapatikana Wapi, na Nani Aweza Kuzitoa

Familia ya Olaya au mtaa mwingine wa Riyadh na Jeddah, yenye mtoto mwenye selimundu au mgonjwa wa saratani ya damu, huenda ikaelezwa na daktari kwamba mgonjwa anahitaji kupandikizwa seli shina. Hizo ni seli changa ziwezazo kuzaa chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe zinazogandisha damu. Kipeperushi hiki kinaeleza zinakopatikana.

VYANZO VYAKE

Uloto wa mifupa. Huvutwa kwa sindano kutoka mfupa wa nyonga, mtoaji akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Mwili hurudisha kilichotolewa baada ya wiki chache.

Damu ya mishipa. Mtoaji hudungwa sindano kwa siku nne au tano ili seli shina zitoke kwenye uloto na kuingia katika damu, kisha mashine huzichuja. Maumivu ya mifupa ya siku chache ni ya kawaida.

Damu ya kitovu. Hukusanywa baada ya mtoto kuzaliwa, bila kumdhuru yeye wala mama. Kwa kuwa ni kidogo, huwafaa zaidi watoto. Ilitumika kwa mara ya kwanza Paris, mwaka 1988.

Mafuta ya mwili. Ni rahisi kuyapata na yana seli nyingi, lakini hazizai damu. Matumizi yake mengi yangali yakichunguzwa.

NANI APIMWE

Ndugu wa baba na mama mmoja ndio wa kwanza kupimwa. Kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu na mgonjwa. Ndugu aliyebeba kinasaba kimoja tu cha selimundu asijiondoe, kwani aweza kukubaliwa. Asipopatikana ndugu, hospitali hutafuta katika daftari la wachangiaji. La Saudi Arabia lilianzishwa Riyadh mwaka 2011. Wenye asili moja hulingana kwa urahisi zaidi, hivyo Mwafrika Mashariki ajiandikishapo humfaa mwenziwe.

Wenye kupanga kurejea nyumbani wajue kwamba Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza watoto wenye selimundu mwaka 2023.

UHALALI WAKE

Baraza la Fiqhi la Makka, katika kikao chake cha Desemba 2003, liliruhusu seli shina za mtu mzima aliyeridhia bila kudhurika, na za kitovu kwa idhini ya wazazi.

TAHADHARI

Wapo wauzao sindano za seli shina kwa magoti, kisukari au kiharusi, wakiahidi uponyaji ambao haujathibitishwa. Kabla ya kulipa akiba ya miaka, mgonjwa amuulize daktari wake mambo matatu: seli zatoka wapi, tiba imeidhinishwa na nani, na madhara yakitokea nani atayawajibikia. Pasipo majibu ya wazi, fedha na zibaki mfukoni.