Shimo la Buluu la Belize

Katika bahari ya Belize, Amerika ya Kati, limo shimo la mviringo lenye upana wa meta 300 hivi na kina kinachozidi meta 120. Mwaka 1971 Jacques Cousteau wa Ufaransa alilichunguza kwa merikebu yake, Calypso.

Mzamiaji ashukapo kiasi cha meta 40 hukuta nguzo za chokaa zikining'inia mwambani. Nguzo hizo hujengwa na matone ya maji yadondokayo kutoka dari ya pango, yakiacha chembe za chokaa. Nayo matone hayadondoki ndani ya maji. Basi hapo palikuwa pakavu zamani za barafu, bahari ilipokuwa chini sana.

Kwa kila meta 10 kanieneo huongezeka kwa angahewa 1. Kwenye meta 40 hufikia angahewa 5. Nitrojeni ya hewa avutayo mzamiaji huyeyuka kwa wingi mwilini mwake. Akipanda kwa haraka, gesi hiyo hufanya viputo viwezavyo kumlemaza, hata kumwua.

Mwalimu na afungue chupa ya soda mbele ya wanafunzi: viputo vile hutokana na kanuni hiyo hiyo.