Jifunze: Mashamba ya Kale na Makaburi Yasiyo na Majina

Mwaka 1861, Sultan Majid wa Zanzibar aliagiza mji wa Malindi, uliokuwa umehamwa, ukaliwe upya. Muda si mrefu mashamba ya mtama, mahindi na ufuta yalienea hadi Mambrui, na mazao yakasafirishwa hadi Uarabuni. Waliolima walikuwa watumwa, wengi wao wakiletwa kutoka kusini, upande wa Ziwa Nyasa. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika ukanda wetu wa pwani mwaka 1907.

Wenye mashamba waliacha hati za ardhi na makaburi ya mawe. Waliolima waliacha vitu vichache, na vingi bado vimo udongoni.

Wanaakiolojia husomaje udongo?

Kwanza, hutembea shambani kwa mistari wakiandika kila kigae na ushanga ulipo. Pili, huchimba miraba midogo, tabaka baada ya tabaka, kwani kwa kawaida la chini ndilo la kale zaidi. Tatu, huchekecha udongo ili hata ushanga mdogo usipotee. Kwa njia hii Lydia Wilson Marshall alichunguza Koromio na Makoroboi, vijiji vilivyoanzishwa na watoro, yaani watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Vigae na shanga zilimsaidia kueleza jinsi watu hao walivyojenga maisha mapya.

Makaburi huhitaji uangalifu zaidi. Mpangilio wa mawe na mwelekeo wa kaburi hutoa habari bila kufukua. Mwislamu, kwa mfano, hulazwa akielekea Kibla, ambayo kwetu iko kaskazini. Kaburi lisilo na jina bado ni la mtu, na huenda wajukuu wake ni majirani zetu.

Wewe ufanye nini?

Ukikuta mifupa, vigae vingi au mawe yaliyopangwa unapochimba msingi, choo au mawe ya kujengea, simamisha kazi. Usiondoe kitu: ushanga ukishatolewa mahali pake, hauwezi tena kueleza ulikuwa na nani. Piga picha, kisha umjulishe chifu na ofisi ya Makumbusho ya Kitaifa iliyo karibu. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inataka taarifa itolewe ndani ya siku 7, na hairuhusu uchimbaji wa kiakiolojia bila leseni.

Trekta likipita mara moja, ukurasa huo hauandikwi tena.