SOMO LA KRISMASI: MTOTO ALIYEKIMBILIA MISRI NI MUNGU

Masomo: Mathayo 1:18-25, 2:13-15, Yohana 1:1-14



Kila Krismasi tunakumbuka kwamba Yesu alichukuliwa usiku kwenda Misri kwa ajili ya Herode. Tunasema, naye alikuwa mkimbizi kama sisi. Ni kweli, na inatia moyo. Lakini mkimbizi hawezi kumwondolea mkimbizi mwenzake dhambi wala kifo. Basi tuulize: mtoto huyu ni nani?

1. Maandiko yanashuhudia nini?
Mathayo anamwita Imanueli, yaani Mungu pamoja nasi. Yohana anafundisha kwamba Neno alikuwa Mungu tangu mwanzo, vyote vilifanyika kwa yeye, kisha akatwaa mwili. Tomaso alipomwona Yesu amefufuka alimkiri kuwa Bwana wake na Mungu wake, wala Yesu hakumkataza (Yohana 20:28-29).

2. Kanisa la zamani lilikiri nini?
Kasisi Ario wa Aleksandria, huko huko Misri, alifundisha kwamba Mwana aliumbwa. Mwaka 325 maaskofu walikutana Nikea, katika Uturuki ya leo, wakakiri kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Athanasio, askofu wa Aleksandria tangu mwaka 328, alilitetea ungamo hilo. Alieleza kwamba kiumbe hawezi kuwaokoa viumbe. Anayeweza ni Muumba. Alipata maadui wengi, akafukuzwa mjini mwake mara 5, jumla ya miaka kama 17. Mara ya kwanza alipelekwa Trier, katika Ujerumani ya leo. Baadaye alifichwa na watawa jangwani. Imani yake hakuiacha.

3. Kwetu ina maana gani?
Kama Yesu angekuwa mtu tu, Mungu angekuwa ameitazama safari ile kutoka mbali. Lakini Yesu ni Mungu. Basi Mungu mwenyewe alibebwa gizani na mama yake. Aliyetunyang'anya nyumba na shamba hawezi kututoa katika mkono wake (Yohana 10:28-30). Herode alikufa. Mtoto yu hai, naye anatawala.

Maswali ya kujadili nyumbani:
1. Kwa nini haitoshi kusema Yesu alikuwa mwalimu mwema?
2. Tumweleze vipi mtoto wetu kwamba Mungu yuko nasi hapa kambini?

Krismasi njema. Neema ya Bwana iwe nanyi nyote. Amina.