Mazoezi, Mitokondria na Kuchakaa kwa Neva: Dhana na Istilahi Zake

Utangulizi

Makala haya yananuia kujadili uhusiano uliopo baina ya mazoezi ya viungo, afya ya mitokondria na maradhi ya kuchakaa kwa neva, hususan ugonjwa wa Parkinson na ule wa Alzheimer. Yamkini msomaji wa jarida hili atauliza mada ya kibayolojia imeingiaje katika uga wa lugha. Mwanafunzi wa Kiswahili ndiye aghalabu huombwa na jamaa zake awafafanulie maneno ya daktari, naye akifika kwenye maradhi ya ubongo hukuta msamiati umemwishia. Neno 'uzee' hubebeshwa mzigo wote: mkono unaotetemeka, jina la mjukuu linalosahaulika, njia ya nyumbani inayopotea. Neno hilo lisipotosha, hutafutwa jingine baya zaidi. Mwaka 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati uliowashutumu kwa uchawi. Hatudai kwamba marehemu hao walikuwa wagonjwa. Hata hivyo, ajuza anayetangatanga usiku huku akizungumza peke yake yumo hatarini iwapo majirani hawana jina la hali yake ila uchawi.

Sitiari ya kiwanda na kasoro zake

Neno 'mitokondria' lilibuniwa na Mjerumani Carl Benda mwaka 1898 kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya 'uzi' na 'chembe', kwa kuwa ndivyo alivyoziona chini ya hadubini. Vitabu vya shule huzieleza kwa sitiari ya kiwanda cha nishati cha seli. Sitiari hii ina ukweli. Mitokondria huchukua oksijeni pamoja na mazao ya chakula tulacho, zikazalisha molekuli iitwayo ATP, ambayo ndiyo sarafu ya nishati mwilini. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ilhali hutumia takriban asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika.

Hata hivyo, kiwanda ni jengo lililosimama pale pale. Mitokondria husafiri ndani ya seli, hugawanyika, huungana, huchakaa na kuondolewa. Zina DNA yake zenyewe yenye jeni 37, ambayo mtu huirithi kwa mamaye. Kwa maoni yetu, sitiari ya kundi la mifugo ingefaa zaidi. Mfugaji hodari hatazami idadi ya ng'ombe pekee. Hutazama pia kama ndama wanazaliwa na kama walio wagonjwa wanatengwa kabla hawajaambukiza wenzao. Mitokondria mbovu nayo haikai kimya. Huzalisha nishati kidogo na kuvujisha kwa wingi chembe haribifu za oksijeni ambazo huunguza protini na DNA zilizo jirani. Seli ya ngozi ikiharibika hufa na nyingine ikachukua nafasi yake, lakini seli nyingi za neva hazina mrithi. Ile aliyozaliwa nayo mtu ndiyo atakayozeeka nayo. Kwa hivyo kundi lililomo ndani yake halina budi kufanywa upya daima, kwa muda wa miaka 70 au 80.

Ushahidi kutoka ugonjwa wa Parkinson

Ugonjwa huu ulielezwa na daktari Mwingereza James Parkinson mwaka 1817, lakini uhusiano wake na mitokondria ulidhihirika kwa njia ya ajali. Mwaka 1982, katika jimbo la California nchini Marekani, vijana kadhaa waliojidunga heroini ya kughushi waliganda ghafla. Hawakuweza kutembea wala kusema vizuri, mithili ya wazee walioishi na Parkinson kwa miaka mingi. J. William Langston na wenzake waligundua kwamba dawa ile ilikuwa na kemikali iitwayo MPTP. Kemikali hii ikifika ubongoni hugeuzwa kuwa sumu, nayo sumu huvutwa ndani ya seli zinazotengeneza dopamini, ambazo ndizo hufa katika ugonjwa wa Parkinson. Humo huziba hatua ya kwanza ya mnyororo ambao mitokondria hutumia kuzalisha nishati. Mwaka 1989 watafiti wa Uingereza walionyesha kuwa hatua iyo hiyo ilikuwa dhaifu katika ubongo wa wagonjwa wa kawaida wa Parkinson waliofariki, watu ambao hawakuwa wamejidunga chochote.

Baadaye jeni nazo zikatoa ushahidi wake. Jeni ya parkini ilitambuliwa mwaka 1998 na ile ya PINK1 mwaka 2004. Kasoro katika mojawapo huweza kumletea mtu Parkinson akiwa bado kijana. Protini zinazotokana na jeni hizi mbili hushirikiana kuitia alama mitokondria mbovu ili iondolewe. Turejelee sitiari yetu: hapa mfugaji ameshindwa kumtenga mnyama mgonjwa.

Kuhusu Alzheimer mambo si bayana hivyo. Mitokondria za wagonjwa huonekana kudhoofika mapema, lakini wataalamu bado wanavutana iwapo udhaifu huo ni chanzo cha ugonjwa au ni matokeo yake.

Mazoezi yanafanya nini?

Mwaka 1967 John Holloszy, mtafiti wa Marekani, aliwakimbiza panya kwa majuma kadhaa, akagundua kwamba uwezo wa mitokondria za misuli yao kutumia oksijeni uliongezeka takriban maradufu. Sababu yake ilieleweka polepole. Misuli ikifanya kazi, akiba ya ATP hupungua na seli huhisi njaa. Hali hiyo huamsha protini iitwayo PGC-1α, iliyogunduliwa mwaka 1998, ambayo huamuru mitokondria mpya ziundwe. Mazoezi huchochea pia uondoaji wa zilizochakaa. Kwa maneno mengine, uhaba wa muda mfupi ndio huzaa utajiri.

Je, ubongo unapata nini miguu inapokimbia? Mwaka 2011 ilichapishwa tafiti iliyoonyesha kwamba panya waliokimbizwa kwa majuma 8 walikuwa na dalili za kuongezeka kwa mitokondria ubongoni, wala si misulini pekee. Mwaka uo huo jaribio la wazee 120 nchini Marekani lilionyesha kwamba waliotembea kwa mwaka mmoja walipata ongezeko la takriban asilimia 2 katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu, ilhali ya wenzao waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu ilisinyaa. Mwaka 2018 matokeo ya wagonjwa 128 wa Parkinson walio katika hatua za awali yalitolewa. Waliofanya mazoezi makali kwenye mashine ya kukimbilia kwa miezi 6, moyo ukipiga kwa asilimia 80 hadi 85 ya upeo wake, hali yao ya viungo karibu haikubadilika. Wasiofanya walizorota kwa takriban pointi 3.

Ni lazima tutahadhari hapa. Katika majaribio hayo ya binadamu kilichopimwa ni mwendo, kumbukumbu na ukubwa wa ubongo. Mitokondria za ubongo hazikuhesabiwa, na kiungo hicho cha hoja tumekiazima kwa panya. Isitoshe, mwaka uo huo wa 2018 jaribio la Uingereza lililohusisha watu 494 waliokwisha kupata dimenshia liligundua kwamba mazoezi yaliwapa nguvu za mwili, lakini hayakupunguza kasi ya kuzorota kwa akili zao. Anayeuza mazoezi kama tiba ya dimenshia anauza asichokuwa nacho. Wala mazoezi si hirizi. Muhammad Ali, ambaye pengine hakuna aliyejizoeza kumpita, aligunduliwa kuwa na dalili za Parkinson mwaka 1984 akiwa na umri wa miaka 42, na ngumi za kichwa hazikumsaidia.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa juma. Shughuli hiyo si lazima iwe ya kiwanjani. Kulima, kuchota maji na kutembea kwenda sokoni vyote huhesabiwa.

Suala la istilahi

Tumetumia 'kuchakaa kwa neva' badala ya 'kuzeeka kwa neva' kwa makusudi. Nguo mpya huweza kuchakaa, nao vijana wa California walikuwa bado vijana. 'Ugonjwa wa kusahau', unaosikika redioni, hupunguza maana ya dimenshia, kwani mgonjwa huweza kupoteza pia usemi, uamuzi na dira. 'Wazimu' na 'kichaa' hayafai kabisa. Mchakato wa kuondoa mitokondria mbovu haujapata jina lililozoeleka. Tunapendekeza 'upogoaji wa mitokondria', kutokana na kazi ya mkulima anayekata matawi makavu ili mti uishi. Huenda wenzetu wa idara za sayansi wakapinga kwamba mti haukimbii. Basi na walete neno lao, tulijadili.