Manyuali au otomatiki? Anza na mteremko

Masika yakikaribia, watu wanaotafuta gari la kupandia milima ya Uluguru huniuliza swali moja: ninunue la manyuali au la otomatiki? Wengi huja wakiwa wameshaambiwa kwamba otomatiki haipandi mlima. Si kweli. Inapanda, na mara nyingi inapanda kwa utulivu kuliko manyuali iliyo mikononi mwa dereva mgeni. Jambo la kuuliza katika milima yetu ni namna gari litakavyoshuka, likiwa limejaa na njia ikiwa imelowa.

Nimeziendesha zote mbili huku, kiangazi na masika: Land Cruiser mkonga ya dizeli yenye manyuali, na Prado ya otomatiki. Ninayoyaandika hapa ndiyo ningemwambia ndugu yangu anayetaka kutoa fedha zake.

Barabara kwanza, gari baadaye

Mji wa Morogoro uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga, kinachousimamia mji, kinapita mita 2,100. Mwinuko wote huo umebanwa ndani ya kilomita chache, ndiyo maana njia zetu ni kali.

Upande wa magharibi unaiacha barabara kuu ya Iringa pale Mzumbe, unapita Mlali, kisha unaanza kupanda kuelekea Mgeta, Langali na Nyandira. Huko ndiko zinakotoka kabichi, karoti, viazi na njegere zinazouzwa Morogoro na Dar es Salaam. Maana yake ni kwamba gari linapanda likiwa tupu na kushuka likiwa na mzigo. Uzito wote unakuja wakati wa kushuka.

Upande wa mashariki unaanzia Bigwa, unapita Kiroka, Mkuyuni na Matombo, halafu Mvuha hadi Kisaki, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Upande huu unapokea upepo wa bahari, na miinuko yake hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Ndiyo neema ya ndizi na viungo vya Kinole, na ndiyo taabu ya dereva, kwa sababu udongo mwekundu ukilowa hauna mshiko. Ukifika tambarare za Kisaki unakutana na udongo mweusi wa mbuga, unaonata hadi ukajaza meno ya tairi. Njia ya kupanda Morningside kutoka mjini nayo ina mawe na makorongo yake.

Kwa hiyo kabla ya kutazama tangazo lolote la gari, jiulize utapita wapi zaidi: mteremko wa utelezi, tope la bondeni au mawe. Kila kimoja kina jibu lake.

Kinachotokea ndani ya giaboksi

Katika manyuali, ukiachia klachi, pleti yake inabanwa kwenye flaiwili, na injini inafungamana moja kwa moja na tairi. Tairi haiwezi kuzunguka bila kuizungusha injini. Ukiwa kwenye gia ya kwanza ya 4L, yaani gia za chini za tairi zote nne, na mguu hauko kwenye mafuta, injini yenyewe inalishikilia gari.

Katika otomatiki ya kawaida, mahali pa klachi pamekaa chombo kilichojaa mafuta, kinachoitwa toki konveta. Upande wa injini una mapanga yanayoyasukuma mafuta, na mafuta yanayasukuma mapanga ya upande wa gia. Faida yake ni kubwa wakati wa kupanda: injini inazunguka haraka, tairi inaanza polepole, na nguvu ya kuzungusha inaweza kukaribia mara mbili kabla gari halijachanganya. Ndiyo maana otomatiki huondoka mlimani bila kustuka.

Wakati wa kushuka msaada huo haupo. Konveta haiongezi nguvu ya kuzuia. Kinacholishikilia gari ni ufupi wa gia peke yake, na otomatiki nyingi za zamani zenye gia nne zina gia ya kwanza ndefu kuliko manyuali.

Tazama Suzuki Jimny ya mwaka 2018 na kuendelea, yenye injini ya lita 1.5, inayouzwa kwa gia zote mbili. Ukizidisha uwiano wa gia ya kwanza, wa 4L na wa difu, unapata kwamba katika manyuali yenye gia tano injini huzunguka takriban mara 36 kila tairi inapozunguka mara moja. Katika otomatiki yenye gia nne ni takriban mara 25. Injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika, manyuali inashuka kwa kilomita 5 na kidogo kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea. Otomatiki inakaribia kilomita 8. Juu ya lami tofauti hiyo si kitu. Kwenye kona ya udongo mwekundu iliyolowa, bonde likiwa upande mmoja, inaamua kama utagusa breki au hutagusa, na ukigusa breki penye utelezi tairi zinajifunga, usukani haukusikilizi tena. Jimny hiyo ina mfumo wa kompyuta unaotumia breki kudhibiti mwendo wa kushuka, nao unasaidia sana, lakini magari mengi ya zamani tunayoyanunua hayana.

Otomatiki za kisasa zimepunguza pengo hili, kwa kuwa zenye gia sita au nane huwa na gia ya kwanza fupi zaidi. Land Rover iliacha kutengeneza Defender ya zamani mwaka 2016, na mpya iliyoonyeshwa mwaka 2019 ina otomatiki ya gia nane tu. Mwaka 2023 Toyota nayo iliipa Land Cruiser 70 otomatiki ya gia sita yenye injini ya dizeli ya lita 2.8. Ukisikia otomatiki ikisifiwa au kulaumiwa, uliza kwanza ni ya miaka gani na ina gia ngapi.

Mahali otomatiki inaposhinda

Kwenye tope zito la tambarare, otomatiki ni bora. Gari likiwa linasonga kwenye udongo mweusi, kila unapokanyaga klachi ili kubadili gia, mwendo unakufa, na mwendo ukifa umekwama. Otomatiki inabadili gia bila kukata nguvu. Mchangani ni hivyo hivyo.

Kwenye mawe pia inampa nafasi dereva. Mguu wa kushoto umepumzika, mikono yote miwili iko kwenye usukani, na gari linapanda jiwe polepole kwa kugusa mafuta kidogo. Kwa manyuali, dereva asiyezoea hucheza na klachi hadi harufu ya pleti inayoungua ijae ndani ya gari.

Na kama gari litaendeshwa na zaidi ya mtu mmoja nyumbani, baadhi yao wakiwa wamejifunza juzi, otomatiki inawalinda wasilirudishe nyuma gari wakati wa kuondoka mlimani.

Mahali manyuali inaposhinda

La kwanza ni mteremko, kama nilivyoeleza. La pili ni joto. Kupanda polepole kwa muda mrefu ukiwa na mzigo, tairi zikisaga tope, kunayachemsha mafuta ya giaboksi ya otomatiki. Taa ya joto la mafuta hayo ikiwaka kwenye dashibodi, simama mahali salama, vuta handibreki, weka N na uache injini iendelee kunguruma taratibu. Usiizime. Injini ikizunguka, mafuta yanaendelea kupita kwenye kipoza chake. Ukizima, joto linabaki pale pale.

La tatu ni msaada wa njiani. Betri ikifa Nyandira, manyuali utaitafutia mteremko na vijana wa kusukuma, iwake. Otomatiki kwa kawaida haiwaki kwa kusukumwa. Unahitaji betri nyingine na nyaya. Hata kuivuta kuna masharti: kama transfa yake, ile ya kuingizia 4L, ina N, iweke humo kwanza, vinginevyo unaweza kuiua giaboksi ukiwa unaiokoa.

La nne ni fundi. Land Cruiser za manyuali zimetumika miaka mingi serikalini, hospitalini na kwenye miradi, kwa hiyo mafundi wanaozijua wapo. Klachi pleti, presha pleti na bearing ya rilizi zinapatikana Morogoro, na fundi mzuri anabadilisha kwa siku moja. Giaboksi ya otomatiki ikiharibika, wengi huishia kutafuta nyingine iliyotumika, na hujui ilikotoka imeishije.

Vipimo vya kufanya kabla ya kulipa

Kwa manyuali, simamisha gari mahali tambarare, vuta handibreki hadi mwisho, weka gia ya tatu na uachie klachi polepole. Injini inatakiwa izime mara moja. Ikiendelea kuzunguka, klachi imeisha. Kisha weka frii, kanyaga klachi na usikilize: mlio ukitokea unapokanyaga, shaka bearing ya rilizi, ukitokea unapoachia, shaka giaboksi yenyewe.

Kwa otomatiki yenye kijiti cha kupimia, pima mafuta injini ikiwa ya moto na inawaka, mkono wa gia ukiwa kwenye P. Mafuta mazuri yana wekundu na hayanuki. Yakiwa meusi yenye harufu ya kuungua, acha. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, acha pia. Halafu kanyaga breki, hamisha kutoka N kwenda D, kisha R. Gari linatakiwa kushika ndani ya sekunde moja hivi, bila kishindo.

Kwa yote mawili, ingiza 4L na uhakikishe inaingia na kutoka. Gari lenye maandishi ya 4WD ubavuni lakini lisilo na 4L, kama RAV4 na mengine ya mjini, ni gari zuri la barabara nzuri. Usilinunue kwa ajili ya Mgeta ya masika.

Namna ya kushuka na ulilonalo

Kanuni ya madereva wa malori wanaoshuka mlima Kitonga inafaa na kwetu: gia utakayohitaji kupandia mlima ule ndiyo ya kushukia. Chagua kabla hujaanza kushuka. Simama juu, ingiza 4L, weka gia ya kwanza au ya pili, au L kwa otomatiki, ndipo uondoke. Usikanyage klachi katikati ya mteremko. Tairi zikianza kuburuzwa na gari likiteleza, gusa mafuta kidogo ili zizunguke tena na usukani urudi.

Usishuke frii kamwe. Wapo wanaodhani wanaokoa mafuta. Wanachofanya ni kuziachia breki uzito wote. Zikichemka, maji ya breki nayo yanachemka, na pedali inazama chini bila kushika kitu.

Manyuali ikizima ukiwa unapanda, shikilia breki ya mguu, weka rivasi, achia klachi kabisa, kisha washa injini ikiwa ndani ya gia huku ukiachia breki taratibu. Gari litarudi nyuma likishikiliwa na injini. Magari mengi mapya hayawaki bila klachi kukanyagwa, basi jaribu kwanza mahali tambarare ujue lako liko upande gani. Otomatiki ikizima mlimani, kanyaga breki mara moja na usiachie, kwa sababu msaada wa breki unaisha baada ya kukanyaga mara chache. Vuta handibreki, ndipo uweke P. Usiutegemee P peke yake, maana ni kijino kidogo cha chuma ndani ya giaboksi.

Kwenye maji, ingia na gia moja na utoke nayo. Klachi ikikanyagwa katikati ya mto inakaribisha maji na mchanga kwenye pleti.

Hukumu yangu

Kama gari ni la kazi, la kubeba mazao kutoka Nyandira au Kinole masika na kiangazi, nunua manyuali ya dizeli yenye 4L. Kama ni la familia inayoishi mjini na kupanda mlimani mara moja moja, au safari zako nyingi ni za tambarare za Kisaki, otomatiki inafaa kabisa, mradi iwe na 4L, gia za chini unazoweza kuzishikilia mwenyewe, na kipoza cha mafuta kilicho kizima.

Lolote utakalochagua, usilipe kabla ya kulipeleka kwenye mteremko. Weka 4L na gia ya kwanza, toa mguu kwenye breki, uone kama linajishikilia lenyewe. Muuzaji akikataa kipimo hicho, ondoka na fedha zako.